Pweza, Nimemchana

Mdogo wangu hajawahi kumkata mtu. Naanza na hilo kwa sababu wapo watu hapa mtaani, wazima na akili zao, asubuhi wananunua nyama iliyokatwa kwa visu alivyovinoa yeye, na jioni wanakaa barazani wanasema, "Yule kijana wa bucha aliwahi kumchana mtu mdomo." Aseme mbele yangu mtu huyo. Mkasi wangu huu wa kukatia vitambaa utamhusu. Kumkata mtu angeweza, sikatai, visu vya bucha zima vinapita kwake. Lakini hajawahi.

Kazi yake ni kunoa. Bucha la kona ya soko lina wakataji wengi, mnoaji ni yeye peke yake. Anakaa kwenye kigoda upande wa nyuma, jiwe limelowa maji, kisu kinakwenda na kurudi, na hakuna mkataji anayegusa mfupa kabla hajapitia kwake. Ndiyo maana wakamwita Kinoo. Jina lake la kuzaliwa tumebaki tukilijua mimi na marehemu mama, na marehemu mama hasemi.

Nilimlea mimi. Mama alipofariki yeye alikuwa bado analalia mkono wangu, na kifua chake kikipiga filimbi usiku kucha. Pumu. Baba akiisikia ile filimbi anapandwa na hasira, anavua mkanda. "Pumua kama mtu!" Jamani, mtoto anapigwa kwa kosa la kupumua, mmeona wapi? Siku moja nilimbandika baba pasi ya mkaa kwenye paja, akachechemea hivyohivyo mpaka alipotuhama. Mpaka leo sijutii.

Basi Kinoo akakua akiificha pumzi yake. Alizoea kusema haraka haraka, maneno mengi kwa pumzi moja, amalize kabla kifua hakijamtangaza. Watu wakasema ni kipaji. Labda ndivyo vipaji vinavyoanza, sijui, mimi ni fundi cherehani.

Nyuma ya chumba changu cha kushonea kuna chumba kingine, tumetenganishwa na mbao nyembamba tu. Akaja kijana mmoja akakipanga, akabandika trei za mayai ukutani, akaegemeza godoro mlangoni, akaivisha maikrofoni soksi, akajiita Prodyuza. Soksi yenyewe ilikuwa yake na haikuwa imefuliwa. Kinoo alirekodi wimbo wake wa kwanza amekunja uso, amebana pua, na walioupenda wakasema, "Yule kijana ana hasira!" Hasira gani, ilikuwa harufu.

Katika zile nyimbo za mwanzo hata mimi nimo. Prodyuza anagonga ukuta, "Dada! Cherehani!" Namjibu, "Nguo za watu!" na mguu hauondoki kwenye kanyagio. Kuna wimbo alimwimba baba, ametaja mkanda, ametaja pasi, ametaja na mguu uliochechemea, na katikati ya mstari mashine yangu inapita trrrr. Wajuzi wa mambo hayo wanasema pale wametia mlio wa bunduki. Haya, na iwe bunduki.

Wimbo ule ulimletea kipigo. Rafiki mmoja wa baba, mtu mzima na mvi zake, aliingia studio kumfunza adabu, akampiga ngumi ya mdomo mpaka jino likakatika. Nilifika mtu mwenyewe ameshatoka, nikamkimbiza na kipimio cha mbao mpaka njia panda. Niliporudi nilimkuta Kinoo anatema damu kwenye ndoo, halafu anarudi kwenye maikrofoni na mdomo umevimba, anaurudia ubeti wote. Ndio waliouacha kwenye wimbo. Ukisikiliza vizuri, kila penye "s" anatoa upepo.

Halafu wakaanza kumshirikisha. Mwenye wimbo ana sauti tamu lakini wimbo ni butu, basi anamwita Kinoo aingie katikati na ubeti mmoja aunoe, kisha aondoke. Jina lake linawekwa mwisho kwa herufi ndogo, wakikumbuka. Nilikuwa namwambia, "Wewe mchana unanoa visu vya watu, jioni unanoa nyimbo za watu. Cha kwako utanoa lini?" Ananijibu, "Dada, kinoo hakikati," anacheka mpaka filimbi inalia kifuani.

Kazi hiyo nayo ina ngumi zake. Ubeti ukiwa mbovu wanakutukana, ukiwa mzuri kuliko wimbo wenyewe wanakupiga. Alikuwepo mwimbaji mmoja wa mapenzi, nywele zinang'aa mafuta, wakimwita Asali. Alimshirikisha Kinoo, wimbo ukatoka, watoto wakawa wanaukariri ubeti wa Kinoo na kuziruka sehemu zake zote. Asali akamvizia mlangoni pa studio na nondo. Pigo la kwanza lilimpata Kinoo begani. La pili halikufika, kwa sababu Pweza alikuwa ndani kwangu.

Pweza alikuwa mnadi wa mitumba pale sokoni. Mkono huu mashati, mkono ule suruali, shingoni mikanda, begani magauni, ndipo walipolitoa hilo jina. Sauti yake ilikuwa inaamsha soko zima. Nguo zilizochanika alikuwa ananiletea mimi nizishone kabla hajazinadi, na alikuwa rafiki wa Kinoo tangu wote wawili wanatembea bila suruali. Siku ile alimkamata Asali shingoni kwa mguu wa jinzi, akamburuta mpaka kwenye mtaro, akamkalia. "Sasa imba," akamwambia, "tusikie hiyo asali." Nilicheka mpaka nikajichoma sindano.

Baada ya hapo Kinoo akaapa hataingia tena kwenye wimbo wa Asali, hata kwa dawa. Likumbukeni hilo.

Na kuna neno moja lazima mnielewe. Mimi nikichana, nachana kitambaa. Msusi akichana, anachana nywele. Mwenye wembe akichana, twendeni hospitali. Na hawa vijana wa maikrofoni nao wanachana: kusema mistari ndiko kuchana, na kumshinda mwenzako kwa mistari ndiko kumchana. Neno ni moja, na kila mtu analisikia kwa sikio la kazi yake.

Siku ya mashindano Kinoo alipambanishwa na kijana anaitwa Radi, uwanjani, watu wamejaa. Alimmaliza. Radi aliposhindwa maneno akarusha chupa, ikampasua Kinoo juu ya jicho, watu wakaanza kupigana viti, na Kinoo akatoka mbio mpaka kwetu. Pweza hakuwa ameenda, alikuwa na mnada, na muda ule alikuwa ananiletea nguo. Kumwona tu anauliza, "Vipi? Vipi?" Kinoo alipitiliza mpaka kwa Prodyuza, damu inamtiririka shavuni, akaikamata maikrofoni. Sisi tukachungulia mlangoni, mimi na Pweza. Akamwangalia Pweza usoni, akasema:

"Pweza..."

Akavuta pumzi. Ndefu, na filimbi yake yote, mtoto yule alikuwa ametoka mbio. Ndipo akaendelea:

"...nimemchana,
kweupe, saa ya mchana,
mdomo wake nimeuacha wazi,
kwa dada yangu aende akaombe uzi!"

Pweza aliruka juu kwa furaha, mashati yakamwagika sakafuni. Mimi nikasema, "Sina uzi wa mdomo mimi, msiniletee wateja wa ajabu." Tulicheka sana siku ile. Na kwa kuwa ubeti haukuwa na wimbo, Prodyuza akauweka akiba ndani ya kompyuta yake.

Sasa Prodyuza alikuwa na tabia moja. Alikuwa anafyeka pumzi. Mtu akivuta hewa kati ya maneno, yeye anakata pale, anayaunganisha maneno, pumzi anaitupa. Ya Kinoo ndiyo aliyoichukia kuliko zote kwa sababu ya ile filimbi. "Ni uchafu, dada," aliniambia. "Ni kama nyuzi zinazoning'inia kwenye nguo. Wewe huzikati?" Nikamwambia, "Nazikata zinazoning'inia. Zinazoshika nguo sizigusi." Akanicheka. Kijana akishajua kubonyeza vitu, humwambii kitu.

Miezi ikapita. Asali akarudi kwa Prodyuza, analia kwamba wimbo wake mpya umepooza, anamtaka Kinoo. Kinoo akakataa, tena kwa matusi. Prodyuza akafanya nini? Akaingia kwenye akiba yake, akautoa ule ubeti, akafyeka pumzi, akaubandika kwenye wimbo wa Asali. Hakumuuliza mtu. Wimbo wenyewe ni wa mapenzi, Asali anamlilia mwanamke aliyechukuliwa na mwanamume mwingine, na katikati mdogo wangu anaingia kwa kishindo: "Pweza nimemchana!" Ukaanza kupigwa sokoni.

Na wiki hiyohiyo wakamkata Pweza.

Ilikuwa mchana, nyuma ya maghala. Vibaka wawili walitaka simu yake. Pweza hakuwa mtu wa kutoa kitu kwa amani, akawashika wote wawili, na mmoja akatoa wembe. Ulimwingia chini ya sikio ukatokea pembeni ya mdomo. Niliona kwa macho yangu alipopitishwa hapa kwenye mkokoteni: shavu limefunguka, meno ya ndani yanaonekana, naye anajaribu kulishika kwa viganja lisianguke. Anayesukuma mkokoteni ni Kinoo, fulana imelowa damu kifuani mpaka kiunoni. Baadaye walisema, "Tulimwona na damu." Mtu anafanya kazi bucha, na amembeba rafiki yake aliyekatwa! Mlitaka awe na unga?

Hospitali walimshona, wakamfunga taya kwa bendeji mpaka utosini, wakasema asifungue mdomo kwa hali yoyote. Anywe kwa mrija. Na asiongee, hata neno.

Pweza ana kaka yake, mkuu wa wapagazi pale sokoni, mtu wa kubeba gunia kila bega na kupanda nayo ngazi. Wanamwita Winchi. Yeye ndiye aliyemlea Pweza kama nilivyomlea mimi Kinoo, hawana baba wala mama. Siku ile alikuwa amesafiri na mzigo. Aliporudi, akamkuta mdogo wake amefungwa kichwa kizima, amelala kwa dawa, hajibu. Akatoka hospitali akiwa hajui nani amefanya hivyo. Akapita sokoni. Spika za duka la kanda zikamwambia.

Alikuja kwangu kwanza. Alisimama mlangoni, mwanga wote ukapotea.

"Dada," akasema, "mdogo wako yuko wapi?"

Aliniita dada, kwa upole kabisa, na hapo ndipo nilipoogopa.

"Yuko kazini. Pole na mgonjwa, Winchi. Kuna nini?"

Akaweka simu juu ya meza ya cherehani, akabonyeza. *Pweza nimemchana, kweupe, saa ya mchana, mdomo wake nimeuacha wazi...* Nilikuwa nimeusikia wimbo ule kwa mbali na sikuujali, sasa nikausikia kama anavyousikia yeye.

"Winchi, sivyo! Mimi nilikuwepo. Alikuwa anamwambia Pweza. Amesema 'Pweza,' akavuta pumzi, ndipo akasema 'nimemchana.' Aliyechanwa ni Radi, tena kwa mistari, siku ya mashindano, zamani!"

"Pumzi iko wapi?"

Akaupiga tena. *Pweza nimemchana.* Hakuna pumzi. Akaupiga tena, akainamisha sikio, na mimi nikainamisha, nikiomba Mungu aisikie. Hakuna.

"Imekatwa," nikasema. "Prodyuza huwa anazikata."

"Kila kitu kimekatwa, dada. Na mdogo wangu kakatwa." Machozi yalikuwa yanamtoka na hayafuti. "Yeye hawezi kusema, na aliyemkata anaimbwa sokoni. Leo nautoa huo ulimi. Naukata kwa kisu alichokinoa mwenyewe. Wewe tafuta uzi, maana amekutaja."

Nikamrukia na mkasi. Ulimwingia kwenye msuli wa mkono, nikausikia umegusa mfupa, naye akanisukuma kwa kiganja kimoja tu, mimi na cherehani yangu tukaenda chini pamoja. Kichwa cha mashine kilivunjika. Nilipoinuka alikuwa ameshafika barabarani, anaelekea magodauni kuchukua watu wake.

Nikampigia Kinoo simu. Haipokelewi, akinoa mikono ina maji, simu anaiacha kwenye koti. Nikapiga ule ukuta wa mbao kwa bega mpaka ubao ukafunguka, nikaingilia hapohapo. Prodyuza ameduwaa na vifaa vyake masikioni.

"Nipe pumzi ya Kinoo!"

"Pumzi gani, dada?"

"Ya 'Pweza nimemchana'! Nipe ile ya mwanzo, yenye pumzi, nikamsikilizishe Winchi, anakwenda kumuua!"

"Ile... nilihifadhi iliyosafishwa tu. Pumzi huwa natupa."

Nilimzaba kofi akaanguka na kiti chake. Nikamwambia ana pikipiki, apande sasa hivi, awahi bucha, amwambie Kinoo atokee mlango wa nyuma asitazame nyuma. Akasema sawa, dada, akapanda, akawasha, na akakata kushoto. Bucha liko kulia. Nilimtukana mpaka koo likaniuma, hakugeuka.

Kwenda bucha peke yangu ingekuwa kuongeza maiti. Duniani alikuwepo mtu mmoja tu ambaye Winchi angemsikia, na mtu huyo ameshonwa mdomo. Hospitali iko nyuma ya soko. Nilikimbia na kanga moja, kiatu kimoja, damu inanitoka kisogoni.

Nesi alinizuia mlangoni, nikampita chini ya mkono. Pweza alikuwa macho. Nilimshika mabega, nikamwambia yote kwa pumzi moja, wimbo, Asali, Winchi, ulimi. Nesi ananivuta huku, analia, "Mama, mgonjwa huyu asisumbuliwe!" Pweza akachomoa sindano ya maji mkononi, akashusha miguu.

Hatukuweza kukimbia. Alikuwa amepungukiwa damu, anaegemea kuta, anaegemea mimi, tunapita katikati ya soko na ule wimbo unapigwa. Tulipofika kona ya bucha nilisikia kelele za watu, nikamwacha ashike nguzo, nikaingia mbele.

Walikuwa wamemlaza Kinoo chali juu ya gogo la kukatia nyama. Mpagazi mmoja kila mkono, mwingine amemkalia miguu. Walikuwa wameshampiga, mbavu upande mmoja zimebonyea, jicho limefunga. Wakataji wote wamegandamana ukutani, na mwenye bucha yuko chini ya meza. Winchi amembana taya kwa mkono ule niliomchoma, damu yake inamdondokea Kinoo usoni, na mkono mwingine ameshika kisu chembamba cha kuchunia ngozi. Kilikuwa kimenolewa asubuhi ile.

"Rudia!" Winchi anapiga kelele. "Dada yako anasema kuna pumzi hapo katikati. Haya, ivute niione! Sema!"

Na Kinoo anajaribu, jamani. Alikuwa anajaribu kusema ule mstari mmoja utakaomwokoa. "Pwe..." Kifua kinapanda, kinakataa. Filimbi tu. "Pwe..." Pumu ilikuwa imemkaba na mbavu zimevunjika, hakubaki na hewa ya kulimaliza hata jina. Maisha yake yote aliificha pumzi, siku ya kuitoa hadharani hakuwa nayo.

"Winchi, atakufa! Hawezi kupumua!" Niliruka. Mpagazi mmoja aliniachia ngumi ya sikio, na sikio hilo mpaka leo halisikii vizuri. Nikiwa chini niliona Winchi anauvuta ule ulimi kwa kitambaa cha kufutia nyama. Niliona ncha ya kisu inaingia pembeni ya mdomo wa mdogo wangu na ngozi inaachia. Kinoo alipiga mateke, akazidi kukaliwa. Nilipiga kelele nisizozijua mwenyewe, na hakuna aliyegeuka.

Pweza alikuwa amefika mlangoni nyuma yangu. Akapiga mlango kwa kiganja. Hakuna aliyegeuka. Akapiga tena. Winchi alikuwa amempa mgongo na bucha zima ni kelele. Pweza akaniangalia. Halafu akaingiza vidole vyote chini ya ile bendeji, akaivuta ikashuka shingoni, na akafungua mdomo.

Nimeshona maisha yangu yote, najua uzi unavyolia ukikatikia ndani ya kitambaa. Niliusikia ukikatika mmoja mmoja shavuni mwake, haraka haraka, halafu sauti yake ikatoka, ileile ya kuamsha soko.

"Kaka! Siyo yeye!"

Winchi aliganda. Akageuka polepole. Pweza amesimama mlangoni, shavu limefunguka kuanzia sikioni mpaka mdomoni, damu inamwagika kwenye gauni la hospitali, na bado anasema, "Siyo yeye, kaka, siyo yeye, siyo yeye," mpaka haikuwa maneno tena, ilikuwa damu inayochemka kooni.

Kisu kilianguka. Winchi alimfikia mdogo wake kabla hajadondoka, akalikamata lile shavu kwa viganja vyote viwili akijaribu kulifunga, akakaa naye kwenye maji ya bucha, analia kwa sauti ya mtoto. Wale wapagazi walimwachia Kinoo wakatawanyika. Mimi nilimgeuza Kinoo ubavu, nikampiga mgongo, nikamtafutia dawa yake ya kuvuta kwenye koti, nikamwekea mdomoni kwenye damu. Ikachukua muda. Kisha nikaisikia ile filimbi, na katika maisha yangu sijasikia kitu nilichokipenda kama kile.

Vibaka wale walikamatwa na watu siku chache baadaye na simu ya mtu mwingine. Mmoja alifia palepale kwa mawe, wa pili akataja yote aliyowahi kuyafanya, Pweza akiwemo. Walitaka simu tu. Hawakumjua Radi, wala Asali, wala wimbo hawakuwahi kuusikia.

Wimbo ndio kwanza ukashika kasi. Watu ni watu, walipojua kuna damu nyuma yake wakaupenda zaidi. Nilikwenda na mkasi kwenye lile duka la kanda nikakata nyaya za spika mbele ya mwenye duka. Akaniita mwendawazimu, nikamwambia, "Ndiyo, kwa nini, unataka kushonwa?" Prodyuza naye alirudi, uso umemshuka, anasema ataiweka upya ile pumzi, Kinoo apumue tu kwenye maikrofoni, yeye ataibandika mahali pake. Kinoo alimkamata shingo, akambana sikio kwenye kifua chake kilichofungwa mabendeji, akamshikilia hapo huku anapumua kwa maumivu, muda mrefu, mpaka Prodyuza akaanza kulia. Alipomwachia, yule kijana alikusanya trei zake za mayai na hatujamwona tena.

Winchi aliniletea kichwa kipya cha cherehani. Nilikipokea. Sikumkaribisha ndani, na akinipigia salamu naitikia kwa sababu nilifundwa adabu, basi.

Kinoo ana kovu dogo pembeni ya mdomo, anachana kama kawaida, watu wanamwita na anakwenda. Ulimi wake ni mzima. Daktari alimshona Pweza mara ya pili, na ya tatu. Hata mimi ningemwambia, kitambaa kilichochanikia kwenye mshono hakishiki tena sindano. Midomo yake haikutani. Kila neno linalotaka midomo ifunge linamtoroka, na mnadi bila "bei" na "mbili" na "pamba" ananadi nini? Kinoo alijaribu kwenda kusimama naye sokoni amnadie. Alisimama, akaanza, "Bei poa, bei poa!" na Pweza akamchapa na lundo la suruali usoni, akamfukuza mbele ya wateja. Hakutaka mdomo wa kuazima. Sasa ananyanyua vidole tu, shati juu, vidole juu, na jirani zake wanamfunika kwa makelele.

Bado ananiletea nguo za kushona. Jana alikuja, mikono yote imejaa, akazishusha mezani, akafuta mate kidevuni kwa mkono wa shati. Zamani alikuwa akiingia ananiita kwa utani, ananitania kuhusu wachumba, salamu ilikuwa ya mwisho. Sasa anasimama vizuri, anajipanga, anaitafuta.

"Shikaoo, dada."

Roho iliniuma nikataka kuvunja kitu. Anaijua ile herufi iliyokosekana, aliisubiri, ikakataa, na aliniangalia kuona kama nimesikia.

"Marahaba, mdogo wangu," nikamwambia. "Leta hizo nguo nione zimechanika wapi."